Nani aliyejibu? Somo la isimu ndani ya skripti

Mimi ni mwanafunzi wa isimu, si fundi wa kompyuta. Hata hivyo nilipewa kazi ya kuchunga seva tatu ambamo wenzangu huweka kazi zao za kumaliza masomo. Nilichukua skripti fupi: kila dakika tano inaita kila seva kwa amri ping, kisha inasoma jibu.

Skripti ilitungwa kwa ajili ya Windows ya Kiingereza, ikitafuta maneno «Reply from». Kompyuta zetu zinasema Kifaransa, basi ikatangaza kwamba seva zote zimekufa. Nikaandika «Réponse de» badala yake. Seva zote zikafufuka, nikalala vizuri. Asubuhi wenzangu wakanigongea mlango: seva ya pili ilizimika tangu jioni, na siku ya kukabidhi kazi ilikuwa hiyo hiyo. Skripti yangu iliandika «ipo» usiku kucha.

Nikaita seva hiyo kwa mkono, nikasoma mstari mzima:

Réponse de 192.168.1.20 : Impossible de joindre l'hôte de destination.

Neno «jibu» lipo, lakini ujumbe ni kwamba mashine inayotafutwa haifikiki. Tena 192.168.1.20 si anwani ya seva, ni ya kompyuta yangu mwenyewe! Ni kama kupiga hodi kwa jirani, halafu mtoto wako akajibu nyuma yako: «Hayupo.» Hata hesabu ya mwisho inapotosha: Windows huhesabu jibu hilo kuwa pakiti iliyopokelewa, ikaandika hasara 0%.

Sasa skripti inatafuta «TTL=». Hiyo ni namba ambayo kila pakiti huibeba, na kila ruta huipunguza kwa moja ili pakiti isizunguke milele. Katika IPv4, Windows huandika «TTL=» penye jibu la kweli tu, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza vilevile. Niliongeza -4 kwenye amri, kwa sababu majibu ya IPv6 hayaonyeshi TTL. Kisha nikachomoa waya wa seva moja makusudi: skripti ikaandika «haipo». Usiamini skripti ya ulinzi kabla ya kuiona ikikuletea habari mbaya.

Darasani tunafundishwa kuuliza juu ya kila usemi: nani anasema, anamwambia nani, anasema nini? Mimi nilitafuta neno tu, nikasahau msemaji.