Haya ya Kuanza

Wako watu wazima wengi wenye akili na nafasi ya kujifunza jambo jipya. Wakosacho ni uvumilivu wa kuonekana hawajui. Baba aona haya kumwomba mwanawe amfundishe. Mama atamani kujua cherehani, lakini aogopa kuchekwa kwa mshono wake wa kwanza. Hivyo miaka yapita bure.

Tukumbuke habari za mzee Kimani Maruge wa Kenya. Ujana wake ulipita bila shule. Mwaka 2003 serikali ya nchi ile iliondoa karo katika shule za msingi, na Januari 2004 mzee huyo, mwenye umri upatao miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret. Alivaa sare kama watoto, akaketi kati yao, hali wajukuu wake wawili wakisoma shule ileile. Sababu zake hazikuwa kubwa: alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, na kujua kuhesabu fedha. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York, akaitetea elimu ya bure mbele ya Umoja wa Mataifa. Alibatizwa Mei 2009, akafariki Agosti mwaka huohuo.

Labda mtu atauliza: Alipata faida gani, naye hakuimaliza hata shule ya msingi? Twajibu kwamba faida ya kujifunza haingoji cheti. Ajuaye kusoma barua yake mwenyewe hana haja tena ya kumfunulia jirani siri zake. Ajuaye hesabu hapunjwi kwa urahisi sokoni. Tena mtoto amwonaye mzee akikosea herufi, akaifuta na kuiandika upya, ajifunza somo ambalo mwalimu hawezi kuliandika ubaoni: kwamba kukosea si mwisho wa kazi.

Yampasa anayeanza achague jambo moja dogo, alifanye kila siku kwa muda mfupi, wala asione vibaya kufundishwa na aliye mdogo kwake. Mshono wa kwanza utapinda. Wa kumi utanyoka kidogo.

Nasi tulio karibu naye tunao wajibu wetu. Kicheko kimoja cha nyumbani chaweza kumrudisha mtu nyuma miaka mingi. Baba akileta daftari lake mezani leo jioni, watoto wampishe karibu na taa.