Usimwandike Mungu Mdhamini Bila Kumwuliza

Somo: Kutoka 20:7, Mambo ya Walawi 19:12, Mathayo 5:33–37, Yakobo 5:12



Ukitembea Marikiti asubuhi, kuanzia kwenye viungo mpaka kwenye nyanya, utasikia jina la Mungu likitajwa mara nyingi kuliko kwenye mkesha wa maombi. Haki ya Mungu, hii nimenunua mia mbili, sipati kitu. Wallahi, embe hizi zimeingia leo. Mungu ni shahidi yangu, mama, kilo ni kilo. Na si Marikiti pekee. Kwenye tuktuk, Barabara ya Biashara, kwenye baraza za Mji wa Kale, hata nje ya kanisa tukishatoka ibadani, hivyo ndivyo tunavyoongea.

Dada mmoja wa kanisa letu anayeuza nguo za mitumba aliniuliza hivi: "Pasta, wateja wangu wananiambia, 'Apa!' Nisiposema haki ya Mungu, mtu anavuka barabara anaenda kwa mwingine. Sasa hiyo ni dhambi, ama ni lugha tu ya soko?" Ni swali zuri, manake ndani yake kuna unga wa watoto na karo ya shule. Si swali la kujibiwa kwa kukemea. Tulichunguze pamoja.

1. Tunalitajaje jina la Mungu?

Kwa Kiingereza, mtu akijigonga kidole au akikasirika hutamka jina la Mungu au la Yesu Kristo kama tusi. Vijana wetu wamelichukua hilo kwenye sinema, na kwenye WhatsApp wameshalifupisha likawa herufi tatu. Kiswahili chetu hakikuwa hivyo. Mswahili akitaka kutukana, matusi yake hutafuta mwili wa mtu na mama yake. Hayo nayo ni dhambi, lakini si somo la leo.

Sisi ugonjwa wetu uko kwingine. Sisi hatumtukani mtu kwa jina la Mungu, tunaliapia. "Haki ya Mungu" ni kiapo. "Wallahi" ni Kiarabu, maana yake ni kuapa kwa Mwenyezi Mungu, na Wakristo wengi wa Mombasa wanaitamka bila hata kufikiria. Tumezoea mpaka tunadhani ni kama kusema "kweli" au "bana".

Vipi basi kuhusu "Mungu wangu!" au "Yesu!" mtu anaposhtuka? Jiulize jambo moja: ulikuwa unamwita, au ulikuwa unapiga kelele tu? Tuktuk ikikukosa kidogo pale Barabara ya Digo ukaita "Yesu!" kutoka moyoni, hilo ni ombi fupi, na Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo. Lakini ukiita "Yesu!" kwa sababu mchezaji amekosa bao, halafu mwenyewe akikuitikia huna la kumwambia, hapo umelitumia jina lake kama honi. Mtu mzima hapendi kuitwa na mtoto mara kumi bila sababu. Seuze Bwana wa majeshi?

2. Amri inakataza nini?

Katika Kutoka 20:7 Mungu anakataza jina lake lisitajwe bure, na anaonya kwamba hatamhesabu kuwa hana hatia mtu afanyaye hivyo. Kwa Kiebrania, neno lililotafsiriwa "kutaja" maana yake ya msingi ni kuinua au kubeba. Na lile la "bure" lina maana ya kitu kitupu, kisicho na ukweli ndani. Kwa hiyo amri haizungumzii ulimi tu. Inamzungumzia mtu aliyelibeba jina la Bwana huku ndani ya alichokibeba hakuna kitu.

Wayahudi waliliogopa jina hili hata wakaacha kulitamka; walipolifikia katika kusoma, walisema "Bwana" badala yake. Ndiyo sababu katika Biblia yetu ya Union Version utaona BWANA kwa herufi kubwa katika Agano la Kale. Ile si mapambo ya mchapaji. Ni alama kwamba hapo pana Jina.

Walawi 19:12 inaongeza kwamba kuapa uongo kwa jina la Mungu ni kulinajisi. Angalia vizuri: anayedhurika na kiapo cha uongo si mteja peke yake. Jina lenyewe linachafuliwa.

3. Mdhamini ambaye hakuulizwa

Wengi wetu tuko kwenye sacco. Ukitaka mkopo unatafuta wadhamini. Mdhamini anaweka sahihi, na wewe usipolipa, akiba yake ndiyo inayofuatwa. Ndiyo maana ukionekana na fomu mkononi, marafiki wanakumbuka safari za ghafla.

Sasa fikiria mtu ameandika jina lako kama mdhamini bila kukuuliza, akaweka sahihi yako mwenyewe. Utasema ni lugha tu ya sacco? Utaenda kuripoti polisi. Hicho kinaitwa kughushi.

Unapomwambia mteja "haki ya Mungu nimenunua mia mbili", na wewe ulinunua mia moja na ishirini, umemwandika Mungu mdhamini wa shilingi themanini za uongo. Hukumwuliza, na umeghushi sahihi yake.

Na kama ilivyo kwa sacco, mkopo ukianguka anayekatwa ni mdhamini. Yule mama akifika nyumbani, akafua ile nguo mara moja ikachuja, atasema nini? "Na aliniapia kwa Mungu! Na ni mlokole!" Hasara imekwenda kwenye akaunti ya Jina. Hayo ndiyo Mungu aliyoyalalamikia katika Ezekieli 36, kwamba jina lake lilinajisiwa kati ya mataifa kwa sababu ya watu wake. Paulo akairudia kesi hiyohiyo katika Warumi 2:24.

Kuna hesabu nyingine niliyojifunza nilipokuwa nasoma biashara. Serikali ikichapisha noti kupita kiasi, kila noti inapungua nguvu; ile iliyonunua mkate jana, leo hainunui nusu. Kiapo ni vivyo hivyo. Zamani "kweli" ilitosha. Ikaja "haki ya Mungu". Sasa mteja anataka "haki ya Mungu tena", na akishapewa hiyo anataka uape kwa watoto wako. Yule anayekwambia "Apa!" hataki Mungu. Ametuambia tu kwamba maneno yetu yameisha thamani sokoni.

4. Kiapo kina uzito hata kwa jirani zetu

Hapa Pwani kiapo hakikuwa mchezo. Kiswahili chenyewe kinasema mtu "anakula" kiapo: kinaingia tumboni, kinakaa naye. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipowaunganisha Wagiriama wakatae kazi na kodi za Waingereza, waliunganishwa kwa viapo, na serikali ya kikoloni iliviogopa. Hatufuati viapo vya kaya, lakini wazee wale walijua kwamba neno lililoapiwa lina gharama.

Jirani zetu Waislamu nao, Kurani katika Sura ya 5 inatofautisha kiapo cha mdomo tu na kile cha kukusudia. Aliyeapa kwa kukusudia kisha akakivunja ana kafara: kulisha maskini kumi au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asiyeweza afunge siku tatu. Kwa hiyo mlokole anayeazima "wallahi" ya jirani ili auze viatu anaichezea amana ambayo mwenyewe jirani ameiwekea bei.

Hata mahakamani, ukiapa kisha ukatoa ushahidi wa uongo, sheria ya Kenya inaweza kukufunga mpaka miaka saba. Ikiwa hakimu anakiona kiapo kizito hivyo, sisi tumekifanya chepesi kwa idhini ya nani?

5. Je, Mkristo asiape kabisa?

Katika Mathayo 5 Bwana Yesu anafundisha tusiape kabisa. Ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Yakobo 5:12 anasema hivyohivyo. Lakini Bwana mwenyewe alipoapishwa na kuhani mkuu alijibu (Mathayo 26:63–64), na Paulo alimtaja Mungu kuwa shahidi wake (Warumi 1:9). Kwa hiyo wengi wetu tunaelewa kwamba kiapo cha mahakamani au cha kushika ofisi, kikiwa cha kweli, hakivunji fundisho hili. Na kama dhamiri yako inakataa, sheria yetu inaruhusu shahidi athibitishe tu bila kuapa. Usimhukumu ndugu yako kwa hilo.

Alichokiondoa Yesu ni ile tabia ya kuwa na ngazi mbili za ukweli: maneno ya kuapia, ambayo ni kweli, na maneno ya kawaida, ambayo yanaweza kuwa chochote. Mwanafunzi wa Yesu ana ngazi moja tu. Kumbuka usiku ule uani kwa kuhani mkuu: Petro alianza kuapa wakati ule ule alipokuwa akidanganya.

6. Jina ukutani

Hapa kisiwani tuna mahubiri ya mawe. Wareno walianza kujenga ngome mwaka 1593 wakaiita kwa jina la Yesu, Fort Jesus. Ndani yake kulikuwa na nini? Mizinga. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno kule Goa akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, aliasi akamwua kapteni wao. Toka Machi 1696 mpaka Desemba 1698 Waarabu wa Oman waliizingira, na njaa na magonjwa yakawamaliza waliokuwa ndani. Kisha Waingereza wakaifanya gereza, 1895 hadi 1958. Jina juu ya ukuta lilikuwa la yule aliyemwambia Petro arudishe upanga alani. Ndani palikuwa na mizinga, na baadaye seli.

Tusiwacheke Wareno. Tuktuk ina stika ya Yesu kwenye kioo cha nyuma, na dereva anakataa kurudisha chenji. Leso ina jina la Mungu kwenye maandishi, lakini imenunuliwa ivaliwe mbele ya mlango wa jirani ili imchome. Duka linaitwa kwa baraka za Bwana, na mizani yake imechezewa. Kila mmoja wetu ni ukuta ulioandikwa jina hilo. Swali ni lile lile: ndani kuna nini?

7. Na sisi walokole

Hapa naomba tusikilizane, kwa sababu dada wa mitumba si mkosaji mkuu. Kuna kiapo chetu cha kanisani. Kijana anamwambia binti, "Bwana ameniambia wewe ni mke wangu," na Bwana hakusema. Yeye ndiye aliyependa. Mtu anawaomba ndugu pesa za biashara akisema Mungu amemwonyesha. Yeremia 23 inawakemea vikali wanaosema "Bwana asema" na Bwana hajasema. Ukisema "haki ya Mungu" umemwandika Mungu mdhamini. Ukisema "Mungu ameniambia" umemwandika mwenye duka kabisa.

Na lile neno "ashindwe kwa jina la Yesu" tumelifanya kichekesho, mtu akiletewa chai bila sukari. Wana wa Skewa katika Matendo 19 walilitumia jina hilo bila kumjua mwenyewe, na pepo aliwauliza wao ni nani. Walitoka mbio, uchi na majeraha.

8. Basi tufanye nini?

Kwa dada yetu na wafanyabiashara wote: mteja akisema "Apa!", mjibu kwa upole, "Mama, mimi siapi, lakini bei yangu ni hii, na nguo ikiwa na kasoro irudishe kesho utanipata hapahapa." Kisha kesho uwe hapo. Mwonyeshe kasoro kabla hajaiona mwenyewe. Hulazimiki kumwambia ulinunua kwa bei gani. Faida si dhambi, uongo ndio dhambi. Kuna wateja watavuka barabara, siwezi kukudanganya. Lakini mteja anayerudi mara ya tatu bila kukuapisha ana thamani kuliko kumi waliokuapisha wakaondoka na hasira.

Wazazi, mtoto akivunja kikombe msimlazimishe aape. Mkimfundisha kwamba mtaamini tu akitaja Mungu, mmemfundisha kwamba bila Mungu kutajwa anaweza kudanganya.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni kiapo gani kinachotoka kinywani mwako bila wewe kukifikiria? Mwombe mtu wa nyumbani akuhesabie kwa siku moja.
2. Kuna mtu uliyemwapia kwa jina la Mungu na bado hujatimiza? Utamlipa lini?
3. Jirani wa imani nyingine anajifunza nini kuhusu Yesu kwa kufanya biashara nawe?

Tuombe

Baba yetu, kila siku tunaomba jina lako litukuzwe. Utusaidie tusilichafue sokoni jioni tulilolitukuza asubuhi. Wape wafanyabiashara wetu wateja na uaminifu pamoja. Ndiyo yetu iwe nzito hata isihitaji mdhamini. Kwa jina la Yesu, jina tunalolitaja sasa tukijua tunamwita nani. Amina.