KWA NINI WUFA HUUNGUA: SOMO FUPI KUHUSU BESI YA MATATU

Hapa kwetu Mugutha mtu husikia matatu kabla ya kuiona. Dirisha linatetemeka, kuku wanakimbia, ndipo gari linatokea. Lakini je, umewahi kusikia besi ikikwaruza kama mtu anayerarua karatasi ndani ya boksi? Huo ni ugonjwa. Leo nataka kueleza chanzo chake na jinsi ya kuutafuta. Nitaeleza pia kosa nililolifanya mwenyewe.

Likizo ya Agosti nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi wa umeme wa magari. Siku moja utingo alileta wufa, yaani spika kubwa ya besi, ikiwa imeungua. Mjomba hakuwepo. Nikajifanya mjuaji nikamwambia, "Ukiweka mpya, ongeza geini. Amplifaya yako inaonekana ni ndogo." Geini ni kile kidude cha kuzungusha kwenye amplifaya ili ikuze zaidi sauti inayotoka kwenye redio.

Wiki mbili baadaye wufa mpya nayo ikaungua. Safari hii dereva alikuja mwenyewe, amekasirika kweli kweli. "Huyu kijana anafungulia muziki ovyo! Nitamkata pesa yake ya kila siku mpaka wufa ilipwe." Utingo akanitazama. Mimi nikanyamaza.

Mjomba aliuliza habari za wati. Amplifaya ilikuwa ya wati 200, na wufa ya wati 300. Dereva akasema, "Sasa fundi, wati 200 zitachomaje wufa ya wati 300?" Swali hilo ndilo somo letu.

Sauti ikipita kwenye waya huwa wimbi linalopanda na kushuka. Kazi ya amplifaya ni kulikuza wimbi hilo. Hata hivyo, haiwezi kulikuza kupita volti ilizo nazo. Ni kama mtu mrefu ndani ya nyumba yenye dari fupi. Wimbi likigonga dari, kilele chake hukatwa kikawa bapa. Sikio husikia mkwaruzo, lakini hasara kubwa ni ya wufa. Wimbi lililokatwa kabisa likawa la mraba lina nguvu mara mbili ya wimbi la kawaida lenye kilele cha kimo kile kile. Kwa hivyo amplifaya ya wati 200 ikilazimishwa sana huweza kukaribia wati 400. Nguvu hiyo hugeuka joto katika koili ya wufa, gundi ikalegea, na waya wake ukaungua. Kumbe hata amplifaya ndogo huchoma wufa kubwa ikiombwa kitu isichokuwa nacho!

Basi mafundi huutafutaje ugonjwa huu? Mjomba alinifundisha hatua hizi:

1. Punguza sauti. Mkwaruzo ukiisha, yamkini wimbi lilikuwa likikatwa. Usipoisha, huenda wufa yenyewe imeharibika. Ifungue waya zake, uipime kwa mita. Wufa ya omu 4 husoma kati ya omu 3 na 4. Mita isiposoma chochote, koili imekatika.

2. Washa injini, fungulia muziki, kisha pima volti kwenye betri. Kwa kawaida utapata kati ya 13.8 na 14.4. Halafu pima pale waya unapoingia kwenye amplifaya. Tofauti ikizidi nusu volti, shuku waya au athi.

3. Tazama athi, yaani waya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Ni lazima ugusane na chuma kitupu, si rangi.

4. Hesabu omu. Wufa mbili za omu 4 zikifungwa sambamba huwa omu 2. Amplifaya iliyotengenezewa omu 4 itaumia.

5. Mwisho, rekebisha geini. Zima kiongeza besi, weka redio kwenye robo tatu ya sauti, anza na geini ikiwa chini kabisa. Ipandishe polepole mpaka sauti ianze kubadilika, kisha irudishe nyuma kidogo.

Kwenye matatu ile, betri ilisoma volti 14.1, na amplifaya ikasoma 12.4. Volti 1.7 zilikuwa zimepotea njiani! Tulipofunua zulia tukaona waya wa nyumba wa milimita mraba 2.5, urefu wa mita 5. Mjomba akanipa kalamu. Ukinzani wa waya wa shaba wa namna hiyo ni kama omu 0.034. Amplifaya ilikuwa ikivuta ampea 40. Kwa kanuni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeitangaza mwaka 1827, 40 mara 0.034 ni volti 1.36. Zilizobaki zilipotelea kwenye athi, ambayo ilikuwa imefungwa juu ya rangi. Dari ilikuwa imeshushwa, nami nikashauri geini ipandishwe.

Kilichomfanya mjomba atikise kichwa ni kwamba hapakuwa na fyuzi karibu na betri. Waya mwembamba hivyo, chini ya viti vya abiria, ungeweza kuwaka moto.

Hapo sikuweza kunyamaza tena. Nikasema, "Mjomba, mimi ndiye niliyemwambia aongeze geini." Dereva alinikemea, na alikuwa na haki. Mjomba aliweka waya wa milimita mraba 16 na fyuzi ya ampea 50 karibu na betri, akakwaruza rangi, akashusha geini. Malipo yangu ya likizo yalienda kununua wufa. Utingo hakukatwa hata shilingi.

Wenzangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kitu kikiungua mara mbili, usikimbilie kununua cha tatu wala kumlaumu aliye karibu. Chukua mita upime. Na ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui. Mimi nililipa ili nijifunze hilo. Nyinyi mmelisoma bure.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.