FUNDISHO: BANGI, LUTUKU NA SHERIA YA LETA
(Somo: Yeremia 35)



Katika mafundisho ya vijana hapa Kinsevere swali moja linarudi kila mara: leta iendelee kukataza bangi na kufunga watu, ao iiruhusu, iuzwe wazi na kulipiwa kodi kama pombe ya kiwanda? Vijana wamesikia kwamba ng'ambo ya Kasumbalesa, Zambia ilitoa sheria ya bangi mwaka 2021, na kwamba mwaka 2018 mahakama kubwa ya Afrika ya Kusini iliwaruhusu watu wazima kuivuta kwa siri nyumbani mwao. Wanatuuliza: kilicho dhambi hapa, kule si dhambi?

Kwanza tusikie vizuri. Zambia haikufungua soko. Ilikubali ilimwe kwa ruhusa maalum, kwa dawa na kwa uchunguzi. Mahakama ya Afrika ya Kusini nayo haikuruhusu kuuza. Anayesema «kule ni huru kabisa» anadanganya wenzake.

Lakini wanaotaka kufungua wana neno la kweli, nasi tusiliruke. Tangu wakati wa Wabelgiji bangi inakatazwa, na lutuku vilevile. Je, lutuku imekwisha? Kila mtoto wa site anajua lupango inamopikwa. Mahindi na mihogo huchachuka, hutiwa katika pipa juu ya moto, mvuke hupita katika mrija, hupozwa na maji, hudondoka katika chupa. Polisi wakija, pipa linavunjwa, ao franga inatolewa. Juma linalofuata moshi unapanda tena. Mama anayepika anatafuta pesa ya masomo ya watoto. Na kwa kuwa inapikwa kwa kujificha, hakuna anayeipima, na sumu inaweza kubaki ndani. Mwaka 2021, kule Kinshasa, vijana walivuta «bombe», unga uliotolewa ndani ya egzozi za motokari na kuchanganywa na vidonge. Ukifunga mlango mmoja, mtu mwenye kiu anachimba tundu lingine.

Wanaotaka kukataza nao wana jibu. Pombe ya kiwanda inaruhusiwa, ina kodi na karatasi zote. Je, machozi ya wamama siku ya mshahara yamepungua? Jimbo la Oregon, Marekani, liliacha tangu 2021 kuwashitaki watu wenye dawa kidogo za kulevya, na mwaka 2024 likarudisha adhabu. Ureno ilifanya namna nyingine tangu 2001: muuzaji anafungwa, lakini anayekutwa na kidogo cha kutumia mwenyewe anapelekwa mbele ya watu wa kumshauri na kumwelekeza kwenye matunzo. Sisi tunaona hii ya Ureno ina akili kuliko zingine, ila inahitaji nyumba za matunzo, na kwetu ni chache mno.

Kuna wanaosema bangi ilikuwa dini ya wababu. Ni kweli kwa sehemu. Kule Kasai, karne ya 19, chini ya chifu Kalamba Mukenge, walikuwako Bena Diamba, wana wa bangi. Walichoma sanamu zao za zamani, walivuta pamoja kwa ajili ya amani, waliacha silaha nje ya kijiji. Wazee waliotoka Kasai wanalijua jambo hili. Lakini tutazame adhabu yao: mkosaji alilazimishwa kuvuta mpaka aanguke bila fahamu. Waliokitukuza kitu hicho walijua vema kwamba kinaweza kumwangusha mtu.

Sasa jambo letu la kanisa. Tusiseme bangi ni mbaya kwa sababu leta imeikataza. Leta hiyo ya kikoloni ilikataza na maombi ya manabii. Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921, akakaa kifungoni miaka 30, akafa 1951 hapahapa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Watoto wa manabii hawawezi kuchanganya buloko na hukumu ya Mungu.

Ndiyo maana tunasoma habari za Warekabi. Yeremia aliwawekea mvinyo ndani ya nyumba ya Bwana. Haikuwa marufuku, hakuna askari aliyesimama mlangoni. Walikataa kwa sababu baba yao Yonadabu aliwaachia neno, nao walilishika. Sheria ya nyumbani ilifika mahali ambapo sheria ya mfalme haikufika.

Basi kwa waamini: leta ikifungua ao ikifunga, sisi hatuvuti wala hatupiki. Kijana anayevuta ili apate nguvu ya kushuka katika shimo asifukuzwe lupangoni. Wababa wawili wakae naye, jioni kwa jioni, na tusimpeleke polisi sisi wenyewe. Anayewauzia watoto, huyo aambiwe mbele ya wazee, na akikaidi, sheria ichukue kazi yake. Mama anayeacha lutuku apewe na wamama wenzake mtaji wa kuanza: gunia la makala, ao unga wa kuuza kwa kopo. Mkimwambia aache bila kumpa kitu, pipa litarudi motoni.

Maswali ya vikundi: Katika mtaa wenu, nani alirudi kutoka buloko akiwa ameacha kuvuta? Na ni wamama wangapi wanangoja mtaji huo?