Kafyu ya Vijana na Bustani za Chicago: Maswali na Majibu

Kafyu ya vijana ina tofauti gani na saa za kufunga bustani?

Ni sheria mbili, na nyingi ya kesi za kutoelewana hutokana na kuzichanganya. Bustani za umma za Chicago hufungwa saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na hapo haulizwi mtu umri wake. Kafyu, kinyume chake, humtazama mtu na si mahali. Mwenye miaka 12 hadi 17 hatakiwi kuwa bila mtu mzima barabarani, bustanini au dukani kuanzia saa nne usiku. Walio chini ya hapo hutakiwa kurudi nyumbani mapema zaidi. Kwa hiyo msichana wa miaka 15 aliyekaa bustanini saa nne na nusu usiku amevunja sheria ilhali bustani iko wazi. Akiwa na baba yake, hana kosa.

Wakenya waliopitia kafyu ya korona ya 2020 wasiifananishe na hii. Ile iliwafungia ndani wakubwa kwa wadogo, kisha ikaondolewa. Hii ni ya watoto, na ni ya kila siku.

Kwa nini Millennium Park ina masharti yake?

Mei 2022 kijana wa miaka 16 aliuawa kwa risasi katika bustani hiyo ya katikati ya jiji. Meya Lori Lightfoot akapiga marufuku vijana wasio na mtu mzima kuwamo humo baada ya saa kumi na mbili jioni, Alhamisi hadi Jumapili. Mwezi huohuo baraza la jiji lilirudisha kafyu ya wikendi nyuma kutoka saa tano hadi saa nne, na kuwaingiza wenye miaka 17, ambao awali hawakuguswa.

Nani husamehewa?

Anayetoka kazini au anayekwenda, aliyetumwa na mzazi, mwenye dharura, na anayehudhuria shughuli ya shule, dini au siasa. Polisi hutakiwa kumuuliza kijana umri na sababu kabla ya kumchukulia hatua. Sharti hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia Illinois, jimbo lilimo Chicago, na Indiana iliizuia kafyu ya Indiana. Sheria hiyo ilimruhusu kijana kujitetea kwamba alikuwa akitumia uhuru wake wa kujieleza, lakini utetezi wenyewe ungeweza kuja baada ya pingu. Majaji waliona kwamba hofu ya kukamatwa yatosha kumzuia mtu kwenda kwenye mkutano halali.

Je, kafyu hupunguza uhalifu?

Ushahidi ni hafifu. Mapitio ya tafiti 12 yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuona upungufu wa uhalifu wa vijana katika saa za kafyu. Wanasiasa, hata hivyo, huipenda kwa kuwa huonekana haraka.

Nani huamua saa hizo?

Jimbo la Illinois lina sheria yake, lakini jiji huweza kukaza zaidi. Juni 2025 baraza la Chicago lilipitisha, kwa kura 27 dhidi ya 22, pendekezo la kuwapa polisi uwezo wa kutangaza kafyu ya papo hapo, kwa ilani ya dakika 30. Meya Brandon Johnson alilipinga kwa kura ya turufu, na madiwani hawakupata kura 34 za kumpiku. Saa nne ikabaki saa nne.