Kinyaa cha figo na moyo
Swali: Kwa nini mlaji wa nyama hukataa figo au moyo?

Jibu: Kinyaa hiki hutoka akilini zaidi kuliko ulimini. Kiungo kinachotambulika kwa umbo na kazi yake humkumbusha mlaji mnyama aliyekuwa hai, tena mwili wake mwenyewe. Mnofu haufanyi hivyo. Harufu ya figo huchangia, ila mazoea hushinda: aliyekua akila supu ya utumbo haoni ajabu.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanasaikolojia Kurt Lewin alichunguza namna ya kuwashawishi akina mama wa Iowa, Marekani, wapike viungo kama hivi. Kati ya waliohutubiwa tu, 3% walipika viungo hivyo baadaye. Kati ya waliojadiliana na kuamua pamoja, 32%. Ladha haikubadilika; huenda kilichosaidia ni kuwaona wenzao wakikubali.