SOMO LETU: NJAA INATOKA TUMBONI AU KICHWANI?



Wengi wetu hapa Kator tumepata kumsikia msimamizi akisema, "Hawa hawafikirii kazi, wanafikiria chakula tu." Husemwa hasa saa nane mchana, wakati wachukuzi wa soko la Konyokonyo wamekwisha beba magunia tangu alfajiri kwa kikombe kimoja cha chai ya sukari. Msimamizi huyo amesema kweli, ila sababu yake haijui.

Tumbo lenyewe halina amri. Amri hutoka katika sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo haipothalamasi, ambayo hupokea habari kwa njia ya damu na ya neva. Tumbo likiwa tupu hutoa kemikali iitwayo grelini, iliyogunduliwa na wataalamu wa Japani mwaka 1999, nayo huamsha njaa. Mafuta ya mwili hutoa leptini, iliyogunduliwa New York mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake. Hiyo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mtu akikonda leptini hupungua, na ubongo hufanya mambo mawili kwa pamoja: huongeza hamu ya chakula na hupunguza matumizi ya nguvu. Ndiyo maana mtu aliyeshinda na njaa siku nyingi huwa mzito na huhisi baridi. Huo si uvivu. Mwili unabana matumizi, kama mama anayepima unga wa mwisho.

Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, karibu kwa nusu, kwa miezi sita. Walikuwa na afya njema na msimamo imara. Walikuwa wamekataa kubeba silaha vitani. Hata hivyo wakawa wanyonge na wenye hasira, wakiota chakula na kusoma vitabu vya mapishi. Je, hao nao walikuwa walafi?

Walinzi wa usiku wana shida yao. Kukosa usingizi huweza kuongeza grelini na kupunguza leptini, hivyo yule ndugu anayemaliza mandazi yote asubuhi tusimcheke. Na madereva wanaotafuna miraa wafahamu kwamba kathinoni iliyomo huikata hamu ya kula, lakini haiujazi mwili chochote. Deni linabaki pale pale.

Tena, habari ya shibe huchelewa kufika kichwani, pengine dakika 20. Anayepewa dakika kumi za kula humeza asida bila kujua kama ameshiba.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi: Kazini kwenu mapumziko ya chakula ni saa ngapi, na ni ya dakika ngapi? Yameandikwa katika mkataba, au ni hisani ya msimamizi? Chakula hicho analipa nani?